Madoa Matatu Kwenye Pazia

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kaingia studio leo na viatu vyake vya kisigino, ko ko ko, utadhani mkaguzi katumwa na serikali. Salamu hakuna. Kapitisha kidole juu ya printa, kakitazama, kisha kakifuta kwenye mtandio wangu. Wangu! Halafu kaketi kwenye kiti cha marehemu kaka yake na kuzunguka nacho.

Miezi mitano sasa tangu tumzike. Studio tuliifungua wawili, mimi na mume wangu. Yeye alikuwa anapiga picha, mimi nazisafisha kwenye kompyuta: chunusi, macho mekundu, bwana harusi aliyefumba jicho moja. Sasa wifi anasema studio ni mali ya ukoo. Ya damu yao. Mimi sijui ni nini, maji labda.

Jumapili tunaitwa kwa baba mkwe. Yeye ndiye atakayesema funguo zibaki kwangu au ziende kwa binti yake. Neno lake likishatoka halirudi.

Wifi kaondoka saa saba. Kiti kaacha kimeelekea ukutani.

Jumanne, 4 Machi

Naandika vibaya.

Asubuhi wifi aliniwahi studio. Nilimkuta anachomoa karatasi kwenye printa, akaiweka kwenye bahasha upesi upesi. Akasema ni kumbukumbu tu ya kaka yake, ya kumpelekea baba. Haya. Alipotoka nikaenda kumwaga ndoo ya taka, nikaona karatasi ya majaribio. Kila anayechapa hujaribu kwanza rangi, na wifi hajui kuchana anachokitupa.

Picha ya wodini! Mume wangu kitandani, amekonda, anajaribu kutabasamu. Kushoto wifi na glasi ya maji. Kulia — pazia.

Pazia! Kulia nilikuwepo mimi. Nilikaa pembeni ya kitanda kile kile, nimevaa blauzi ya kijani, muuguzi akatupiga picha kwa simu ya wifi, akasema jamani chekeni kidogo, mgonjwa anachoka. Siku zote waliruhusu mtu mmoja mmoja tu. Siku ile walituachia wote wawili kwa sababu hali ilikuwa mbaya.

Nikaisogeza dirishani. Kwenye pazia lile kulikuwa na doa moja la dawa, la rangi ya kahawia, lenye mkia. Nalifahamu lile doa, nimelitazama wiki tatu. Kwenye picha yapo matatu. Yote yana mkia, yote yanaangalia upande mmoja.

Na aliyemfundisha ni mimi! Mwezi uliopita kanijia na sauti ya asali: wifi, nifundishe na mimi, wateja wakizidi nikusaidie. Nikamwonyesha kukata, kuongeza mwanga, na ile zana yenye alama ya muhuri. Unachukua kipande huku, unakigonga kule, kilichokuwepo kinafunikwa. Akaipenda hiyo kuliko zote. Kutwa nzima akafuta nguzo za umeme kwenye picha za watu, nami nikampongeza. Kumbe nguzo yenyewe ni mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuuliza.

Nikamwekea karatasi mezani. Wifi, mimi niko wapi hapa?

Kaitazama kwa uso mkavu. "Kwani ulikuwepo?"

Nikasema unajua nilikuwepo.

"Mimi nakumbuka ulikwenda kwenu, wifi. Wiki tatu za mwisho. Kila mtu anajua."

Kila mtu! Baba mkwe miguu ilishamkataa, hakufika hospitali hata siku moja. Yote aliyoyajua aliyapata kwa simu, na mpigaji ni yeye huyu. Muuguzi kahamishwa, nimeuliza wodini, hakuna anayejua alikopelekwa. Ndiyo maana anajiamini hivi. Baba mkwe akiamini kwamba nilimkimbia mwanawe kitandani, funguo sizioni tena.

Nikafungua kompyuta kutafuta picha ya mwanzo, aliyoihamishia humo kutoka kwenye simu yake. Kasevu juu ya ile ile, ya mwanzo imepotea! Somo la kwanza nililomfundisha, kabla hajagusa kipanya: fanya nakala kwanza, ufanye kazi kwenye nakala. Mara ngapi nilisema? Hata sijui alifanya kusudi au ni kichwa kigumu tu. Nikamwomba simu. Eti kabadilisha simu, ya zamani ilizama kwenye ndoo ya kufulia.

Ndoo ya kufulia! Mtu ambaye hata leso anafuliwa.

Alipotoka nimelia chooni. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni, na mteja alikuwa mlangoni anagonga anataka picha za pasipoti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejirudisha pichani.

Nimefunga mlango mchana, nimegeuza kibao. Nikachukua sura yangu kwenye picha niliyopigwa siku ya kujaribu taa mpya. Nikaikata polepole, unywele kwa unywele. Nikaipunguza mwanga, maana taa za wodi zina rangi ya ugonjwa. Nikaweka kivuli changu juu ya shuka. Nikafuta madoa mawili, nikabakiza lile la kweli. Blauzi nikaipaka kijani.

Mume wangu alikuwa akisema mimi nina mkono, kwamba naweza kumtoa mtu jela kwa kumfutia pingu. Alikuwa anatania. Leo ningemchekesha kweli.

Nilipofika kwenye vidole vyake nikasimama. Nikakuza picha mpaka mkono wake ukajaa kioo kizima. Wifi kaufuta mkono wangu, kagonga shuka juu yake vizuri tu. Ila vidole vya kaka yake kavisahau. Vimekunjwa. Kidole gumba kimepita juu kama mtu aliyeshika kitu na hataki kukiachia, na ndani hamna kitu. Siku ile kijiko kilimshinda, lakini mimi alinishika mpaka nikaumia! Nimelala juu ya meza, nimelia, na safari hii haikuwa hasira.

Halafu nikamalizia. Nikaweka mkono wangu pale. Nimechapa. Haina kasoro. Hata mimi ningeamini. Nimeitia kwenye bahasha, bahasha kwenye mkoba mweusi. Zipu ya mkoba huu inakwama katikati kila mara, nimevutana nayo hadi kucha imekatika.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaionyesha.

Nimeitazama tena leo asubuhi na nimejichukia. Kucha zangu ni safi. Siku ile zilikuwa na uji. Uso wangu umelala vizuri, hauna wiki tatu za kukesha. Ni kweli tupu iliyotengenezwa kwa uongo, na nikiitoa mbele ya baba mkwe nitakuwa sawa na yule mwenye visigino. Tena mimi fundi! Wataniuliza tu kazi yangu ni nini, basi, kesi imekwisha.

Nilitaka kuichana. Nimeikunja kidogo, nikaikunjua. Ndiyo picha pekee tuliyomo mimi na mume wangu pale. Nimeirudisha mkobani. Nitaichana baada ya kesho.

Nitakwenda na swali moja tu.

Jumapili, 9 Machi

Niko nje, kibarazani kwa baba mkwe. Naandika haraka.

Wifi alianza kabla chai haijamiminwa. Kasema yote. Nilivyomkimbia mume kitandani. Nilivyorudi siku ya msiba na machozi ya mkopo. Akatoa bahasha, akamwekea baba yake picha mapajani, akapiga magoti kabisa, mwigizaji huyu.

Baba mkwe akaitazama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye uso wa mwanawe. Akaniuliza bila kuinua kichwa: "Mwanangu, una la kusema?"

Niliapa nitasema kwa adabu. Sauti ikatoka kavu. Nikamwambia, baba, sina mengi. Utazame mkono wake huu, wa upande wa pazia. Kashika nini?

Wifi akarukia: "Shuka, baba. Kashika shuka."

Mzee akavaa miwani. Akavuta kile kishuka anachofunikia magoti, akakikamata. Ngumi ikafumba. Akaitazama ngumi yake, akaitazama picha. Akaachia. Halafu akamwambia binti yake alete mkono. Akaukamata kwa vidole vile vile, gumba juu. Akaitazama picha tena. Nilimwona wifi akimeza mate! Wallahi nilimwona.

"Shuka halishikwi hivi," mzee akasema. Taratibu tu.

Kisha akanigeukia. Kaniambia nitoke nje na daftari langu, niandike tarehe zote za wodini, na nani alikuwa zamu, na dawa gani alipewa. Nikirudi nimsomee. Wifi abaki, ana la kumuuliza. Nimetoka miguu haigusi chini. Mara ya kwanza tangu msiba napumua mpaka tumboni.

Tarehe. 14 Septemba, kalazwa, tulifika saa nne asubuhi. 15, kapigwa picha ya kifua. 16, kakataa uji, kakubali juisi. 17, yule muuguzi mrefu

Mkoba.

Nilichukua daftari na kalamu tu. Mkoba nimeuacha kwenye kochi, upande wa wifi. Bahasha yenye picha niliyoitengeneza imo ndani!

Dirisha liko wazi. Mzee anauliza kitu polepole, sisikii. Wifi hajibu. Anasema, subiri, baba, subiri kidogo, kuna kitu. Kochi limelia.

Zipu. Naijua hiyo zipu. Imekwama katikati.

Anavuta tena.

Imepita.