Gunia la Mahindi Yaliyopukuchuliwa

Mdogo wangu mpendwa Yohane, wa Endasak,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe na shemeji yangu; watoto nao nawatangulizia marahaba kabla hawajaniamkia. Natumaini mvua haikuwapita na mguu wako umepona. Mimi huku Dar es Salaam, kwa mwanangu Emanueli, ni mzima, isipokuwa joto. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Gunia lako lilifika zamani, ila niliona haya kukueleza yaliyofuata.

Mjukuu wetu Theresia, anayesomea uhandisi, ameunda mashine ya kupukuchua mahindi kwa kuzungusha mkono. Siku hizi chuoni kwao mtihani wa karatasi hautoshi. Lazima mwanafunzi atengeneze kitu kinachofanya kazi. Ndiyo sababu nilikuomba mahindi ya nyumbani. Kosa ni langu, sikusema yaje yakiwa kwenye magunzi. Nanyi mkaona ni aibu kumtumia mzee mahindi yasiyopukuchuliwa. Tulipofungua, yote yalikuwa punje tupu, yamepepetwa, safi kabisa.

Theresia alishika kiuno. "Babu, sasa mashine yangu niilishe nini? Uji?"

"Ndiyo adabu ya kwetu, mjukuu wangu."

"Adabu hiyo itanifelisha, babu!"

Tulicheka, tukala ugali mtamu ambao marehemu mama Emanueli angeusifu. Mwalimu wake hakucheka. Alimwambia, "Mashine ambayo haijagusa hindi la mkulima siwezi kuipa alama. Ipeleke kwa wakulima." Kwa hiyo mafunzo yake ya vitendo angependa kuyafanya kwenu wakati huu wa mavuno, mkiridhia.

Ndugu yangu, nisamehe, nina ombi gumu. Nawafahamu: mtaisifu mashine ya mgeni hata ikivunja punje. Nakusihi, safari hii wekeni adabu pembeni. Ikiwa nzito kwa shemeji, aseme ni nzito. Ikikwama, msimalizie kazi kwa mikono huku yeye amekwenda kuchota maji. Ni heri aumie moyo kwenu jikoni, aifungue na kuikaza upya, kuliko arudi na sifa ambazo mwalimu hatazikubali.

Nisalimie dada yetu wa Gendabi, na jirani yako katekista.

Barua hii anaileta Theresia mwenyewe, na mashine imo kwenye buti la basi. Mpokeeni, mlisheni ashibe. Ila mahindi, tafadhali, myaache kwenye magunzi yake.

Kaka yako akupendaye,
Daudi