Wakili wa Mama

4 Februari

Mwanangu kipenzi,

U mzima? Mimi mzima, ila goti linanisumbua kwenye ngazi. Habari ya kufaulu mafunzo nimeipata, na mtaa mzima umeipata, maana mdomo wangu unaujua. Siku hizi nikipita sokoni naitwa mama wakili, nami naitika.

Sasa sikia. Jirani yetu fundi cherehani, aliyekushonea sare zako zote za shule, anafukuzwa chumbani mwake. Mwenye nyumba amesimama mlangoni akamwambia kwa mdomo tu aondoke. Shauri litasikilizwa kwenye baraza la nyumba tarehe 10 Machi. Nimemwambia asihangaike, utamsimamia.

Mama yako

11 Februari

Shikamoo mama,

Pole na goti, usipande ngazi na ndoo. Mimi sijambo.

Mama, mimi si wakili. Ni msaidizi wa sheria. Nimefunzwa mambo ya wapangaji, na sheria mpya inaturuhusu kuwashauri na kuwasemea mbele ya baraza la nyumba, basi. Hilo la fundi naliweza kabisa: notisi lazima iwe ya maandishi, na yeye hakupewa. Nikishasema hivyo tu, mwenye nyumba hana kesi. Nitakuja.

Ila waambie watu ukweli, tafadhali. Nikiitwa wakili natamani ardhi ipasuke.

Mwanao

20 Februari

Marahaba mwanangu,

Goti lina nafuu. Barua yako nimeisoma, nikairudia. Sasa watu niwaambie nini? Kwao msaidizi ni yule anayebeba mafaili na kuchemsha chai. Nimeshasema wakili; nikigeuka leo nitaonekana mwongo, na majirani wameshaomba ruhusa kazini waje wakuone.

Halafu fundi amekushonea joho jeusi, kitambaa cha maana, kazi za wateja kaziweka kando. Livae siku hiyo moja tu, usiniaibishe.

Mama yako

13 Machi

Shikamoo mama,

Sijui goti linaendeleaje. Niliondoka bila kuuliza, bila hata kuaga. Nisamehe.

Nilikukuta benchi la mbele na majirani, fundi kalibeba joho mikononi, nikakosa ubavu wa kukataa. Mwenyekiti wa baraza akaniuliza namba yangu ya uwakili. Nikamjibu mimi ni msaidizi wa sheria. Akasema, “Sasa hilo joho umelivalia nini?” Watu wakacheka. Akaniambia kujifanya wakili ni kosa, akachukua kitambulisho changu, akanitoa nje. Mama, ningeingia na blauzi yangu ya kazini ningekuwa na haki zote za kusema.

Nilijibanza dirishani. Nikamsikia akimuuliza fundi kama alipewa notisi, na fundi akajibu, “Mimi sijui, aulizwe wakili wangu.” Akaamriwa ahame. Amepoteza chumba kwa sababu niliogopa kukuvunja moyo. Naona aibu.

Mwanao

2 Aprili

Shikamoo mama,

Natumaini huumwi. Kimya chako kinaniuma, ingawa najua nimejitakia.

Ofisini wamenionya vikali, kitambulisho nimerudishiwa. Mwambie fundi bado anaweza kukata rufaa mpaka mwisho wa mwezi huu. Akitaka mtu mwingine nitamtafutia, wala sitachukia.

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu,

Siumwi. Ni aibu tu, kila nikishika kalamu naiweka.

Fundi yuko hapa kwangu. Cherehani ipo chumbani kwako, kitanda chako tumekiegemeza ukutani. Hajanilaumu hata neno moja, na hilo ndilo linalonimaliza. Juzi kanishonea mapazia bila kuombwa, nikaingia jikoni nikalia. Sokoni bado naitwa mama wakili, lakini sasa wananiita wakicheka, kwa hiyo nazunguka njia ya nyuma.

Uliniandikia waziwazi, nami nikakulazimisha. Chumba cha mwenzangu kimeondoka kwa mdomo wangu. Usijibebeshe lawama peke yako.

Jana ameniuliza kama rufaa yake unaweza kuiandika wewe, maana hataki mwingine. Nikafungua mdomo kumjibu, kama kawaida yangu, nikajikuta sijui. Nimewatangazia watu kazi yako mtaa mzima na sijawahi kukuuliza. Njoo, mwanangu, uketi nasi, unieleze na mimi nikusikilize: kazi yako hasa ni ipi?

Mama yako