Dindo ya Noeli Ilikuwa Inajua Pikipiki ya Papa

Aurélie,

Dindo, ile bata mzinga yetu ya Noeli, iko inje mu nyungu ya chuma. Usiifunue funue! Makala mengi juu ya kifuniko, chini kidogo tu, isiungue. Mudogo wako Esdras asiguse.

Nimeshuka ku barabara kungojea Papa yenu. Tangu jana telefoni yake haipatikane, na njia ya Walikale munaijua ubaya wake.

Ile dindo ilikuwa inalia kila mara ikisikia pikipiki yake ku kilima. Leo asubuhi, kisu iko mu mukono yangu, dindo ikalia. Nikakimbia inje: hakuna muntu. Nikaiita mwongo, nikaichinja.

Tukichelewa, ~~mukule bila sisi~~ hapana, mutungoje.

Na musikilize pikipiki ninyi wenyewe. Mwenye alikuwa anatuambia njo ile iko mu nyungu.

Mama