Kilo Sitini na Saba Zilizozidi

Kibanda cha Mizani,
Machimbo ya Kokoto,
S.L.P. 318.
Alhamisi, tarehe 10 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Hujambo mama mzazi? Na Punje wetu hajambo? Kidonda chako kimekauka vizuri? Unakula? Usiniandikie kwamba unakula kumbe unashindia chai na mkate, maana nakujua. Shemeji naye mpe salamu, na uniambie kama bado anamshika mtoto kama amebeba trei ya mayai.

Sisi huku wazima. Mgongo wa Mama ni uleule: anakaa saa moja na nusu, mbili zikizidi sana, halafu lazima alale chali nusu saa ndipo aendelee na siku yake. Mdomo wake hauna tatizo lolote. Jana amenigombeza mara tatu kabla sijavaa viatu.

Nimefurahi mno kusikia Punje amefika kilo tatu na gramu mia mbili. Ulipoandika kwamba amezaliwa na kilo moja na gramu mia nane, nilikuwa hapa hapa kibandani, lori la kokoto liko juu ya mizani linasubiri karatasi yake, na mimi naisoma namba yako tena na tena. Dereva akadhani mashine imekufa. Miaka kumi na tisa napima malori, na namba haijawahi kunitisha kiasi kile. Namshukuru Mungu kila asubuhi kwa ajili yenu wawili.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, la Mama kuja kwako. Tangu umejifungua hana wimbo mwingine. Anataka kumpakata mjukuu wake kabla mjukuu hajaanza kukimbia. Wewe daktari amekukataza kusafiri na mtoto, na yeye daktari amemkataza basi, kwa sababu siku mbili za kukaa kitini zitammaliza. Kwa hiyo mlibaki mnaulizana hali kwenye simu, na kila akikata simu anageukia ukutani. Hapo ndipo nilipokuwa nashindwa kuvumilia.

Wazo la tela lilikuwa la kaka yako Injinia, na nampa haki yake. Jirani yetu mwalimu mstaafu alinunua lile tela la kulala, lenye kitanda, choo na sinki, azunguke nalo akistaafu. Kastaafu, magoti yakagoma, na tela likabaki uani likianikiwa nguo. Injinia akaenda kuliazima. Hesabu yake ilikuwa fupi: pikapu yake ya kazi ya ufundi bomba ina nguvu, italivuta tela, Mama atalala kila wakifika mahali pa kupumzika, basi. Wasafiri wawe wanne: yeye kwenye usukani, Mama, Shangazi Nesi wa kumchoma sindano na kumgeuza, na mimi.

Mimi, Kijiti! Nilishanunua hadi viatu.

Lakini unajua wenzangu huku wananiitaje. Mama Kilo hawezi kupanda gari ambalo hajalipima. Nikamwambia Injinia alete gari na tela hapa machimboni Jumamosi, siku ambayo malori ni machache. Akacheka, akasema nimezoea kusumbua watu. Akalileta.

Tela likapanda mizani kubwa: kilo elfu moja mia tisa na themanini, na mizigo yake yote. Kitabu cha pikapu kinaruhusu kuvuta elfu mbili na mia tano. Injinia akaanza kucheza katikati ya vumbi, si unamjua akishinda. Nikamwacha acheze kwanza, halafu nikafungua mlango wa dereva, nikamwonyesha kibandiko kilichobandikwa pembeni pale, ambacho yeye mwenyewe miaka sita hajawahi kukisoma. Kinasema gari lenyewe lisibebeshwe zaidi ya kilo mia tano na sitini, watu wote wakiwemo, na dereva akiwemo.

Kuvuta ni hesabu moja, kubeba ni nyingine. Tela linavutwa, sawa, lakini pua yake, ule mkono wa mbele unaoungwa na gari, imelalia mgongo wa gari, na uzito wa pua hiyo unahesabiwa pamoja na watu na vifaa. Ukizidisha, nyuma ya gari inabonyea, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na breki hazishiki inavyotakiwa. Nimeshaona gari la namna hiyo likitolewa mtaroni. Sikutaka kulifikiria likiwa na Mama ndani.

Basi tukaweka gogo juu ya mizani ndogo ya kupimia mifuko ya chokaa, tukatua pua ya tela hapo. Kilo mia tatu na kumi! Nikaduwaa. Tela lile halistahili pua nzito namna hiyo. Nikafungua sanduku la mbele, nikatoa mtungi wa gesi, nikatoa mablanketi, na chini ya mablanketi nikaikuta cherehani. Cherehani ya Mama, kichwa chake na ile miguu yake ya chuma, imefungwa kwa shuka kama mtu anayetoroshwa.

Nikamtazama Mama. Alikuwa amekaa kibandani kwenye kiti changu, anatazama malori. Akasema bila kugeuka kwamba ile ni ya Kijiti, na kwamba alijua ningesema ni nzito.

Nitalirudia hilo, Kijiti. Niache kwanza nimalize hesabu.

Tulishusha karibu kila kitu. Maji ya tangi tukamwaga, watachota kidogo kila wanaposimama. Mabomba na spana za Injinia tukazitoa, ingawa alizishika kama watoto wake. Alitaka tusogeze mizigo mizito nyuma ya tela ili pua iwe nyepesi, na tukajaribu, kwa kuwa asipoona kwa macho yake haamini. Mzunguko mmoja tu hapa uwanjani, mwendo wa baiskeli, tela likaanza kutikisa mkia likivuta gari kushoto na kulia. Alishuka, akafungua mwenyewe mlango wa tela. Tukarudisha mizigo katikati, juu ya magurudumu, inapotakiwa.

Kisha nikawapima watu. Injinia alisema ana kilo tisini, mizani ikasema mia na nne. Shangazi Nesi alikataa kupimwa na mkoba wake, nikamwambia mkoba nao unasafiri, wakatoka pamoja sabini na nane. Mama sitini na moja. Mimi themanini na tatu, na viatu vipya.

Pua ya tela sasa ilikuwa mia mbili na kumi na sita, ambayo kwa tela la kilo elfu moja mia nane ni sawasawa kabisa. Jeki, kiti cha magurudumu cha Mama, tairi la ziada na vyuma vya kuungia, themanini na tano. Nikajumlisha mara nne, kwa kalamu na kwa kikokotozi. Mia sita ishirini na saba. Tumezidi kilo sitini na saba, na hakuna tena cha kushusha.

Injinia akaniambia, "Dada, sitini na saba tu. Nani atajua?"

Nikamwambia, "Nitajua mimi."

Akashauri nipande ndani ya tela likiwa linatembea. Nikamuuliza kama ana akili timamu.

Sikuhitaji kufikiri sana baada ya hapo. Dereva hashuki. Mama ndiye safari yenyewe. Shangazi asipokuwepo, nani atamgeuza Mama usiku? Anayebaki wa kushuka ni mimi, na kilo zangu zinatosha na kubaki. Nilikwenda nyuma ya kibanda, nikajifanya naosha mikono. Nililia, sitakuficha. Tangu ulipoolewa sijakuona, na nilikuwa nimeshapanga hata mahali nitakaposimama mlangoni kwako.

Utaniuliza kwa nini nisije kwa basi. Ruhusa niliyopewa na bosi ilikuwa ya kumsindikiza mgonjwa, na sasa anayemsindikiza ni Shangazi. Nikamwambia bosi ukweli, akaifuta. Injinia kasema mimi ni mjinga, labda. Likizo yangu ya kawaida ni Novemba, na nitakuja, hata kama unajua vile basi linavyonifanya. Andaa ndoo.

Wanaondoka kesho kukicha. Breki za tela nimezijaribu mwenyewe, taa za nyuma zinawaka zote, matairi yamejazwa upepo kama kibandiko kinavyotaka. Nimemwapisha Injinia asizidishe kilometa themanini kwa saa, na asimamishe kila baada ya saa moja na nusu, hata kama Mama atasema hajachoka. Atasema hajachoka. Watarajie Jumapili jioni.

Sasa ile cherehani.

Siku unaondoka uliniomba uende nayo. Uliniambia ndiyo iliyokufundisha kazi, na Mama alishakubali. Mimi nikasema haiwezekani, ni nzito, basi halitaipokea. Halafu hata kituoni sikuja kukuaga. Nikakutumia ujumbe kwamba mizani ina foleni ya malori siwezi kutoka.

Hakukuwa na foleni, Kijiti. Hakukuwa na lori hata moja. Nilikaa kibandani naangalia mizani tupu mpaka saa ya basi lako ikapita. Na cherehani nilikuwa sijaipima. Nilikasirika kwamba unakwenda kuanza maisha yako na mimi ndiye ninayebaki na dawa za Mama, na nikaona angalau kitu kimoja chako kibaki ndani ya nyumba. Kila nikipita karibu nayo naona aibu. Haya yote nilitaka nikwambie uso kwa uso, ndiyo maana nilikitaka sana kile kiti. Nisamehe, mdogo wangu.

Nimeipima sasa. Kichwa chake ni kilo kumi na tatu. Miguu ya chuma imebaki nyumbani, Shemeji akutafutie meza imara. Mimi niliposhuka zilibaki kilo kumi na sita, kwa hiyo imeingia, na bado zipo tatu.

Mpe salamu Shemeji, na mama mkwe wako anayekusaidia kumwogesha mtoto, mwambie dada yako anamshukuru kutoka moyoni. Mwalimu mstaafu anawasalimu, anasema tela lirudi na picha ya Punje kitandani mwake. Mama usimwambie nimelia, ingawa nadhani aliniona. Mungu awafikishe salama hao watatu, akulinde wewe na nyumba yako, na ampe Punje kilo, kilo, kilo.

Wakifika, ukifungua mlango wa nyuma upande wa kushoto, usinitafute. Nimeikalisha cherehani kwenye kiti changu, nikaifunga mkanda, na barua hii nimeibana chini ya mguu wake wa kushikia kitambaa, mahali ambapo wewe utatazama kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa kilo zangu zote,

Mama Kilo.

N.B. Cherehani isirudi na gari. Ni yako.