Mufu Hawezi Kutia Sahihi

Mama Adèle mpendwa, naomba unisikie, maana roho yangu imejaa na sina mwingine wa kuelezea. Mimi ni Bénite, wa Kimemi hapa Butembo. Tulikuwa batu batatu, tulitengeneza bila mushahara programu ya simu ya kufundisha batoto kusoma Kinande: mimi, Malachie, na Ananie wa Beni, mwenye alikuwa muchumba wangu, na tukaiacha wazi kwenye interneti, kila mutu aichukue, aibadilishe, kulipa hapana, na sasa hata balimu ba Luofu banaitumia. Ananie ndiye aliandika sehemu kubwa. Mwaka jana homa ilimuchukua kabla familia zetu zimalize mambo ya mahari, donc mimi si mujane, wala mukamwana wa mama yake, mimi ni rafiki tu, hata kwenye kilio nilikaa na bageni.

Sasa shirika moja linataka kuiingiza mashuleni, mais linauliza: ni ya nani? Malachie akasema, "Tuiandikishe kwa jina langu, tumalize. Mufu hawezi kutia sahihi." Nikamuuliza, "Na jina la Ananie?" Akajibu, "Tuliondoe, ni complication ya bure." Tangu hapo hatusemeshani. Najua ningeenda kuuliza mama ya Ananie, Mama Florentine, kule Beni, mais tangu mazishi sijakanyaga kwake, naogopa akiniona ataanza kulia upya, ao atasema nafuata kitu cha mutoto wake. Nifanye nini?

Bénite

*

Pole sana, binti yangu. Kukaa na bageni kwenye kilio cha mutu wako, hayo ni maumivu mara mbili. Sasa panguza machozi, nikugombeze kidogo.

Malachie anakosea. Kuacha kitu wazi kwa batu bote si kukitupa. Kila mutu anabaki mwenye kazi aliyoandika, na akikufa haki inaenda kwa familia yake, haiendi kwa rafiki aliye karibu na kompyuta. Na jina lake haliondolewi.

Mais wewe pia unakosea. Mwaka muzima unamuacha mama peke yake, ati unamuhurumia? Pengine anajiuliza kwa nini umemusahau.

Anzisheni asbl, shirika lisilo la faida, yenye kamati, programu isishikwe na mutu mumoja. Kila mwandishi atie sahihi kwamba anaipa asbl ruhusa ya kutunza kazi yake, na kwamba itabaki huru kwa bote. Kwa Ananie, wazazi wake ndio batatia. Avocat, mutu wa sheria, asome hiyo karatasi. Mais kwa Mama Florentine usianze na karatasi. Mwamkie, ukae, mulie. Na Malachie umupeleke, arudilie yale maneno mbele yake kama anaweza.

Basomaji wangu, shirika lilikuwa linangoja, kwa hiyo nilimutumia Bénite jibu hili kabla ya kulichapisha. Ameniandikia:

"Tulienda, na karatasi yenye avocat aliisoma. Malachie alishindwa kuyarudilia yale maneno, akaomba musamaha. Mama alisikiliza yote, akauliza tu kama jina litabaki. Nikamuambia litabaki. Akatia sahihi, baba naye akatia. Nikasimama niage, sababu ya barabara, usiku si salama. Mama akanishika mukono, akaita binti yake jikoni: 'Joyeuse, ongeza bugali. Mukamwana wangu hatarudi Butembo na njaa.'"