Besi ya Kumwingiza Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubali. Mdomo ndio uliokubali, mimi nilikuwa nimekaa tu pembeni yake.

Shemeji kaja na mfuko wa machungwa, kasema harusi yake haisogezwi tena. Jumamosi ya wiki ijayo. Na maiki anataka nishike mimi, si mtu mwingine. Halafu anataka na ile sauti. Dada yake alimwahidi kuwa siku akiingia ukumbini atamtengenezea besi ya kuporomoka. Dropu. Ile inayoanzia juu ikashuka, ikashuka, mpaka unaisikia magotini. Dada yake, mke wangu, tulimzika Novemba. “Basi nitengenezee wewe, shem.”

Nikamwambia hilo tu? Mwanamume niliyeshika maiki kwenye kumbi za nchi tatu na kwenye meli moja, nishindwe na mngurumo! Akacheka. Na mimi nikacheka, nilijisikia kabisa nikicheka. Siku hizi natania kama jokofu linavyonguruma, lenyewe tu, hata kama ndani hamna kitu.

Ukweli ni kwamba ile programu ya kutengenezea sauti sijawahi kuigusa. Kazi yangu mdomo. Vitufe vilikuwa vya mke wangu. Nilimtangaza “Bosi” kwenye harusi za watu mpaka jina likamganda, hata mwenye duka alimwita Bosi. Na tangu Novemba sijashika maiki ya mtu yeyote. Hilo shemeji analijua. Hakulisema.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua laptopu ya Bosi. Vitufe kama chumba cha nahodha! Na chumba cha nahodha nimewahi kuingia, wakanifukuza.

Nikatafuta video. Kijana anaongea Kiingereza cha mtu anayekimbizwa na mbwa. Nikaambulia “okei” peke yake. Nikampigia shemeji, maana yeye kazi yake ni kukata matangazo redioni, haya mambo anayala na kuyanywa. Nikamuuliza kwa nini asijitengenezee mwenyewe. Akasema bibi harusi hajiokei keki yake. Ila atanielekeza.

Chukua wimbi moja la sauti, laini, lisilo na mapambo, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Chora mstari uanzie juu, ushuke. Kompyuta inafuata mstari, sauti nyembamba inageuka nzito. Basi.

Basi! Nikachora. Akatoka mbuzi anayeteleza kwenye bati.

Nikachora tena. Mbuzi mkubwa zaidi.

Sikukasirika. Zamani ningekuwa nimetukana mpaka jirani afunge dirisha. Leo nimekaa, nimemsikiliza mbuzi.

Ijumaa, 7 Machi

Inashuka! Siri iko kwenye mstari. Usiushushe kama ngazi. Ushushe kama mtu anavyopitiwa na usingizi: taratibu, taratibu, halafu huyooo. Na kabla ya kudondoka unakata muziki wote, pumzi moja tu ya kimya. Bila kimya besi haina pa kuangukia. Shemeji kanifundisha hilo kwa simu, akaongeza: “Hapo kwenye kimya ndipo utakapofia, shem. Wewe hujanyamaza tangu mkunga akupige kofi.”

Nimenyamaza tangu Novemba, ila kwa sauti kubwa. Sikumwambia.

Tatizo moja. Mwisho wa besi siusikii. Kwenye skrini naiona inacheza, masikioni patupu. Nimeongeza sauti. Patupu. Nimeongeza tena. Nikabandika ya pili juu ya kwanza, na ya tatu juu ya hizo mbili. Bado.

Labda ni mimi. Kila kitu siku hizi kinanifikia kikiwa kimepita kwenye godoro. Chai. Watu. Maji ya kuoga.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kumwamkia mama mkwe. Nimemkuta anahesabu vitambaa vya meza. Akasema bila kuniangalia, wamtafute mtu mwingine wa maiki. Mtu aliyefiwa asifanywe mchekeshaji wa watu walioshiba.

Shemeji akadakia toka jikoni: “Mama, huyu hafanywi, huyu kazaliwa hivyo!”

“Na hayo makelele ya besi. Moyo wangu wa zamani, hauna spea.”

Nikamwambia mama usiwe na wasiwasi, niko imara kama nguzo ya umeme. Hapo ndipo aliponiangalia. Muda mrefu, na kitambaa mkononi.

Njiani nikawaza: nguzo yenyewe haina umeme. Imeshikilia waya tu.

Jumanne, 11 Machi

Aibu ya mwaka. Naiandika ili nisije nikajidanganya.

Nilipeleka kazi yangu kwa shemeji, studio. Nimevaa shati la kazi, miwani ya jua juu ya kichwa. Nikawasalimia wafanyakazi wenzake kwa lugha nne, nikawaambia kaeni mkao wa kula, besi kama hii mara ya mwisho kusikika kulikuwa na vita. Shemeji akaichomeka kwenye spika zao kubwa.

Kimya kikapita. Halafu ikashuka.

Kalamu zote zikatembea mezani. Kioo cha chumba cha mtangazaji kikalia kama meno ya mtu mwenye homa. Kikombe cha shemeji kikaanguka, mpini huku, kikombe kule. Mtangazaji alikuwa hewani anasoma habari, akanyamaza. Mlinzi akaja mbio toka getini akiuliza kama transfoma imelipuka.

Shemeji alizima kwanza, ndipo akaniuliza nilikuwa nasikilizia nini. Nikamwonyesha. Hedifoni za masikioni, zile nilizopewa bure nilipobadilisha laini ya simu.

Akajilaza kifudifudi kwenye meza kwa kucheka. “Shem! Hivyo vidude haviwezi kutoa besi ya chini. Haimo humo! Umejenga ghorofa tatu za besi kwa sababu ya vidude viwili kama mbegu za papai!”

Kumbe sikuwa mimi. Masikio mazima. Nilitegemea nifurahi.

Tukaifanya upya pamoja. Zile mbili za juu tukafuta. Ikabaki moja. Akanifundisha kuikwaruza kidogo, kuitia uchafu, ili hata mwenye spika ndogo apate kitu, maana sauti safi kabisa ikifika chini inapotea. Tukaisikiliza. Ikashuka vizuri, ikakaa. Shemeji akashika kifua, macho yakamjaa machozi. Akasema, “Hiyo. Hiyo ndiyo aliyoniahidi.”

Nikaweka mkono kifuani na mimi, nione. Shati lilitikisika. Ndani, bila bila.

Nilimsafishia chai iliyomwagika. Nimemnunulia kikombe kingine, kikubwa zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Majaribio ukumbini. Fundi wa ukumbi, mtu mnene asiyecheka, kaunganisha laptopu, kasikiliza, kasema “safi”. Kwa mtu kama yule hiyo ni hotuba.

Halafu akauliza: “Sasa nani anabonyeza?”



Maiki iko mbele, karibu na mlango anapoingilia bibi harusi. Mitambo iko nyuma ya ukumbi. Siwezi kuwa pote pawili. Siku zote hizi nimechora mistari, nimewavunjia watu vikombe, na sijawaza hata mara moja kwamba kuna mtu lazima akae pale abonyeze! Kwa sababu sijawahi kulazimika kuwaza. Niliongea, nikafika pale neno linapoisha, na inaanguka. Palepale. Hatukuwa na ishara. Sikuwahi kumpungia Bosi mkono wala kumkonyeza. Ilikuwa inaanguka tu.

Fundi akajitolea tujaribu. Mara ya kwanza kabonyeza nikiwa katikati ya neno. Mara ya pili mimi nikamngoja yeye, yeye akaningoja mimi, tukatazamana kama watu waliokutana mlangoni. Na Jumamosi atakuwa kwenye taa, hana mkono wa ziada.

Shemeji kapiga simu kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikasema sawasawa, mtu wa kubonyeza ninaye, tena mtaalamu.

Ijumaa, 14 Machi

Sina mtu.

Nimejaribu kubonyeza kisha kukimbia. Toka mezani hadi mlango wa jikoni, kijiko mkononi kama maiki. Nafika nahema kama mbwa wa polisi. Nina kitambi, sijawahi kukikana.

Mchumba wa shemeji, mpima macho, yeye ndiye bwana harusi. Marafiki wa kazi ya maiki nimewakimbia tangu mazishi, nitawapigia niseme nini?

Nimepiga pasi shati. Nimekula, nadhani. Sahani ilikuwa chafu.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia kwenye meza ya mitambo, mikono inataka kazi. Watu wamejaa. Nimefungua shughuli, nimewatania wajomba wote, mmoja mmoja, ukumbi umevunjika mbavu. Nawasikia kwa mbali. Godoro.

Bibi harusi yuko nje kwenye gari. Fundi kapanda kwenye taa. Kiti cha hapa mezani hakina mtu. Nimeshaamua: nitatangaza, aingie na muziki wa kawaida. Dropu hakuna. Nitamwambia mashine imekwama. Atajua naongopa, atanisamehe, na hilo ndilo baya.

Mama mkwe kaja. Kaacha meza ya mbele, kapita katikati ya watu na kitenge chake kipya, kakaa kwenye kiti. “Kitufe ni kipi?”

Nikamwambia mama, moyo wako. Kasema moyo wake nimwachie mwenyewe.

Nimemwonyesha. Kakigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima pasi ya moto. Nikasema mama, tatizo si kitufe. Tatizo ni wakati. Mimi mwenyewe sijui. Sijui Bosi alikuwa anajuaje, sikuwahi kumuuliza.

Kasema yeye alimuuliza. “Alikuwa hakuangalii usoni, baba. Alisema usoni unadanganya watu. Alikuwa anaangalia mabega. Ukiwa tayari, unayashusha.”



Taa zimezimwa. Ananiangalia mabega, kidole kiko kwenye kitufe. Na mimi kwa mara ya kwanza nayasikia. Yako juu, yamegusa masikio, magumu, yanauma — yanauma kweli! — sijui yako huko tangu lini. Mlango unafunguliwa. Fundi ananiita nishike maiki, naacha kalamu, naenda, na bado hayajashuka, mama anayangoja.