Gazeti Limemtaja Bahati

Koekelberg, Alhamisi, Novemba 2012

Ningenyamaza tu. Jana, baada ya timu yangu ya chuo huku Ulaya kushinda, mwandishi wa michezo aliniuliza mbona kocha hana furaha. Nikamwambia ukweli: vita vimeingia Goma, na mdogo wangu Bahati amejificha parokiani, waasi wanamtafuta.

Leo yote yametoka gazetini, jina lake na parokia yenyewe.

Dada yangu Neema, anayeniita yaya, yaani mkubwa wake, amepiga simu kutoka Goma akilia. "Yaya, batu banasoma ile mambo mu internet! Ambia batoshe!"

Nikampigia mwandishi aiondoe. "Nimefuta, kocha. Pole sana. Lakini watu wameshaisambaza."

Nikakata simu.

Jioni, mazoezini, wachezaji walikuwa wameubandika ukurasa ule mlangoni. Walidhani nitafurahi.

Bahati hapatikani kwenye simu.